Noti Kwenye Paji la Uso

Kila mnapokuja kunisalimia, nyinyi makocha mnaoshika filimbi zangu sasa, chai haijapoa mmeshaniuliza swali lenu: Kocha Vero, unaonaje hawa wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani wanaolipwa kucheza siku hizi? Nawaona mnavyojiweka sawa kwenye viti mkisubiri nilalamike. Mnataka nishike kiuno niseme mpira umeharibika, watoto wa leo hawana moyo, sisi tulicheza pekupeku. Poleni, malalamiko hayo sina. Nimefundisha mpira wa kikapu hapa Alby, pembezoni mwa Stockholm, mpaka magoti yakagoma, na jambo hili la kuwalipa wanafunzi ndilo limenifanya nianze tena kuuliza maswali kama mtoto. Limebadili kazi ya kocha, limebadili watu wa jukwaani, na nusura limnyang'anye Naomi wetu mpira. Habari ya Naomi ndiyo ninayotaka kuwaachia, lakini mnanijua, nitazunguka kidogo kabla ya kufika.

Kwanza, msidhani sisi hatukulipwa. Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kule Bukavu, Kongo, tulilipwa mchana kweupe. Uwanja wetu ulikuwa wa saruji iliyopasuka, na ukianguka goti lilikukumbusha wiki nzima. Mechi ikichangamka, mtu alishuka kutoka kwa watazamaji, mara nyingi mama wa sokoni aliyevaa kitenge chake kizuri, akaja akicheza mpaka katikati ya uwanja na kukubandika noti kwenye paji la uso. Gundi ilikuwa jasho lako mwenyewe. Ni kule kule kutuza wanakotuzwa wanamuziki na maharusi, na sisi tuliita matabisi. Refa alisubiri, akacheka, kisha mchezo ukaendelea. Noti yenyewe pengine ilitosha soda na mkate tu, lakini ulirudi nyumbani ukijua kwamba kuna mtu aliacha kiti chake akaja kukugusa uso mbele za watu.

Kocha wetu aliitwa Déo. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mkavu asiyepoteza maneno, na alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka tukaiota: ukishautupa mpira kuelekea kikapu, geuka ukimbie kulinda. Usisimame kuutazama.

"Weye si mutazamaji," alikuwa akisema. "Watazamaji wako kule, wamelipa kiingilio. Waachie kazi yao."

Zoezi hilo nililileta Alby, na nyinyi mnalijua kwa sababu mlilichukia. Mtoto anatupa, anageuka, anakimbia, na kuangalia nyuma ni marufuku. Siku za mwanzo wote wanapinda shingo kama kuku. Baadaye mabega yanalegea, mkono unakuwa mwepesi, na mipira inaanza kuingia. Sijawahi kupata maelezo ya kitaalamu, ila naona mtoto akiacha haraka ya kujua matokeo, mwili wake unafanya kazi vizuri zaidi. Msilifute zoezi hilo. Mkilifuta nitajua, na nitakuja.

Nilipofika Stockholm nilijua mpira lakini sikujua baridi. Majira yangu ya kwanza ya kipupwe niliacha mfuko wa mipira ndani ya gari usiku kucha, nikidhani mpira ni mpira. Asubuhi nikaudunda wa kwanza ukumbini, ukaanguka pu, ukakaa pale pale kama kabichi. Wasichana wakanitazama. Nikawaambia leo tunafanya mazoezi ya kupasiana tu, na nikashika uso wa mtu aliyepanga hivyo tangu jana. Tangu siku ile mipira yangu imelala sebuleni, na wageni wangu wamezoea kuketi kati yake.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba timu ya watoto hapa haina tajiri nyuma yake. Inabebwa na wazazi. Wanapika kahawa, wanauza soseji kwenye kibanda cha ukumbi, na wanazunguka mlango kwa mlango wakiuza karatasi za chooni ili watoto wapate nauli ya mashindano. Mama Sifa aliposikia hayo mara ya kwanza alishika kichwa.

"Yesu wangu! Nilikimbia vita, nikavuka mipaka, ili nikuje kuuzisha karatasi ya choo?"

Kisha akawa muuzaji wetu mkuu. Mama Sifa ni mtu wa Uvira, anafanya usafi kwenye uwanja wa ndege, na kila mfanyakazi mwenzake kuanzia huko mpaka kituo cha treni cha Märsta alinunua karatasi za Alby, apende asipende. Wala hakuwa na mtoto katika timu. Watoto wake walikuwa wakubwa, wameshajitegemea. Alikuja ukumbini kupiga kelele tu, kama alivyosema mwenyewe, maana kazini kwake watu wanapita bila kumwona na kanisani kuna zamu ya kuimba.

Ukumbini hapa viatu vya nje haviruhusiwi, mnajua, na aliyekataa kuvua anavalishwa vifuniko vya plastiki vya buluu. Mama Sifa hakuwahi kuvua viatu vyake vya kung'aa. Alivivisha plastiki. Basi siku moja Bahati, msichana wetu wa wakati ule, alipofunga mtupo mzuri kutoka mbali, nikasikia chwa, chwa, chwa kwenye ngazi. Kugeuka, Mama Sifa huyo anashuka akicheza, noti mkononi, vifuniko vya buluu vikiteleza sakafuni. Akampita mchezaji wa wapinzani, akampita refa, akambandika Bahati noti kwenye paji la uso. Refa, kijana wa Kiswidi mwenye mashavu mekundu, aliisahau filimbi iliyokuwa mdomoni mwake. Alipoikumbuka alituadhibu, wapinzani wakapewa mtupo huru, na mtupaji wao alikuwa anacheka hata mpira haukugusa kikapu.

Mimi nilicheka pia, mpaka picha iliposambaa. Wakati ule vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa vikali mno: mchezaji akionekana amepokea pesa yoyote kwa kucheza, basi si mwanafunzi mwanamichezo tena. Bahati alikuwa amepata nafasi chuo kimoja huko. Wakaiona picha, paji la uso na noti yake, wakamweka nje ya mechi za mwanzo huku wakitutaka maelezo. Nilieleza mila ya kutuza kwa watu ambao hawajawahi kuiona harusi ya Kikongo, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Hatimaye walimruhusu kucheza. Lakini kuanzia hapo nikawa polisi wa mapaji ya uso. Mama akinyanyuka na noti, nami nimenyanyuka. Wengine niliwahi kuwakata njia, wengine nilichelewa, nikalazimika kuibandua noti kwenye uso wa mtoto na kuirudisha jukwaani mbele ya watu wote. Mama Sifa alininunia kwa muda mrefu.

"Vero, tangu lini zawadi ikakuwa dhambi?" aliniuliza.

Nikamwambia kanuni ni kanuni.

Sasa fikirini nilivyoshangaa kanuni zilipogeuka. Vyuo vile vile vilivyoogopa noti ya Mama Sifa vinawalipa wachezaji waziwazi, na vina ofisi nzima ya kazi hiyo. Mashabiki wao wanachangia mfuko wa kuwapata wachezaji na kuwabakiza. Nilipowaeleza akina mama habari hiyo baada ya ibada, Mama Sifa alisimama, akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Aha." Neno moja tu. Nililistahili.

Wa kwanza kutoka kwetu kuondoka katika zama hizo mpya alikuwa Naomi. Mama yake, Mrundi mmoja mtaratibu, ni muuguzi msaidizi kule hospitali ya Flemingsberg, na kwa ajili ya zamu zake mtoto alikulia ukumbini kwangu. Naomi ni mrefu, mkono wake wa kushoto una akili kuliko wa kulia, na ana kicheko kinachosikika mpaka kituo cha treni. Alipokosa alicheka, alipofunga alicheka, nami nilimkemea kwa kucheka kisha nikageuka nicheke pembeni.

Zamani kocha wa chuo aliniandikia kuuliza mambo ya mpira: anarukaje, anasikilizaje, analala mapema? Safari hii aliyenipigia kwanza alikuwa wakala, kijana mwenye tai, aliyeniuliza Naomi ana wafuasi wangapi mtandaoni. Nikamwambia wanaomfuata ni wadogo zake wawili, hasa akiwa na biskuti. Hakucheka. Baadaye ndipo kocha mwenyewe akanipigia, mwanamke mpole aitwaye Linda, na tangu hapo tumekuwa tukiongea mara kwa mara, maana mimi nina maswali yasiyokwisha.

"Unamrekebishaje mchezaji anayeweza kuhamia chuo kingine mwaka unaofuata?" nilimwuliza siku moja.

"Namweleza sababu," akasema Linda. "Zamani nikisema kimbia, wanakimbia. Sasa wananiuliza kwa nini tunakimbia. Na mara nyingine, Vero, nagundua hata mimi sikuwa najua."

Nililipenda jibu hilo. Nilikaa nalo siku nzima nikipitia mazoezi yangu yote, nikijiuliza ni yapi niliyafanya kwa sababu tu Déo aliyafanya. Hebu nanyi jaribuni. Lakini Linda aliniambia na upande wa pili. Kila mwisho wa msimu huanza upya kuwabembeleza wachezaji wake mwenyewe wasihame, kwa hiyo mtoto wa kukomaa polepole hapati muda. Na jukwaa limebadilika. Watu waliochangia wanataka kujua kwa nini huyu ameketi benchi na yule anacheza.

"Zamani tukipoteza mechi, mashabiki walisema tumeshindwa," alisema. "Sasa wanasema wameibiwa."

Hapa Alby nako mambo yalisogea. Mzazi mmoja alisimama kwenye mkutano akauliza kwa nini tuendelee kuuza karatasi za chooni ilhali Naomi analipwa. Si atume? Wengine wakaguna kumwunga mkono. Kilichonishtua zaidi ni Mama Sifa. Nilidhani atamrukia yule baba, lakini alibaki ameketi, mkoba mapajani.

"Miye sina kitu ya kumupa tena yule mutoto," aliniambia tukitoka. "Wakubwa wanamulipa. Noti yangu itakuwa aibu."

Msimu ule jukwaa letu likapoa. Walikuja, lakini walikaa na simu zao.

Kiangazi kilichopita Naomi alirudi nyumbani. Alikuja kwangu siku ya pili, akasogeza mipira akaketi, akanywa chai bila kusema chochote cha maana. Nikamwambia twende ukumbini, maana mdomo wa mchezaji ukifunga, miguu itasema. Alianza kutupa. Mtupo wa kwanza uliingia, wa pili ukaingia, wa tatu ukagonga chuma. Lakini sikuwa naangalia kikapu, nilikuwa namwangalia yeye. Kila alipotupa alisimama, mikono imeganda hewani, macho yakiufuata mpira kama mtu anayesubiri majibu ya daktari. Naomi, niliyemfundisha kugeuka tangu hajaota meno ya mbele! Roho iliniuma.

"Tangu lini unautazama?" nikamwuliza.

"Sijui, Kocha." Kisha akaketi sakafuni, na kama watoto wetu wote mambo yakiwa mazito, Kiswahili kikamkimbia. "Jag orkar inte längre."

Alikuwa anasema hana nguvu tena, amechoka kabisa. Nikaketi karibu naye, na kuketi sakafuni kwa umri wangu ni safari. Akanisomea ujumbe kutoka kwenye simu yake. Shabiki mmoja wa chuo chake alikuwa amemwandikia baada ya mechi kwamba yeye amechangia malipo yake, kwa hiyo kila Naomi anapokosa anamlia pesa zake.

"Wako wengi hivi?"

"Siyo wote. Wengine wazuri sana. Lakini nikiwa na mpira, ni hawa ninawasikia." Akafuta uso kwa fulana. "Chuo kingine kinanitaka, kinalipa zaidi. Lakini nikienda, si watakuwa walewale? Linda anataka jibu wiki ijayo. Mimi nafikiri niache, Kocha. Niache kabisa."

Mngesema nini? Mimi nilitaka kumwambia arudishe pesa, nikaona ni ujinga. Pesa ile inamsaidia mama yake kupunguza zamu za usiku, na ni haki yake kuliko ya wengi wanaotajirika kwa jasho la wanafunzi. Nilitaka kumwambia asisome ujumbe, nikajua atasoma. Nikamwambia Jumamosi tuna mechi yetu ya kiangazi, wachezaji wa zamani dhidi ya wadogo, aje acheze kwanza. Hilo ndilo pekee lililonijia.

Siku ya mechi jukwaa lilijaa, lakini kwa kimya cha kumwonea mtu haya. Walikuja kumwona Naomi wa Marekani. Watoto walimpiga picha akifunga kamba za viatu. Alicheza vizuri, kwa usahihi na bila raha, na kila alipotupa alisimama kutazama. Mama Sifa aliketi safu ya juu, viatu vya kung'aa ndani ya plastiki, mkoba umefungwa.

Wadogo hawakutuhurumia sisi wa timu ya zamani. Tulikuwa nyuma kwa pointi moja, saa ya ukutani ikikaribia kwisha, na mpira ukamfikia Naomi akiwa peke yake, mahali ambapo angeweza kufunga akiwa amefumba macho. Akatupa. Mpira haukugusa chuma, haukugusa wavu, haukugusa chochote. Ulipita kando ukatoka nje, refa akapuliza filimbi wadogo wapewe mpira. Naomi akabaki amesimama, mikono juu. Hakuna aliyezomea. Nadhani kuzomewa kungekuwa nafuu.

Ndipo nikasikia chwa, chwa, chwa.

Mama Sifa alikuwa anashuka. Polepole, maana magoti yake ni kama yangu, lakini anacheza, mabega yakienda, mkono juu na noti ndogo ya zambarau imebanwa kati ya vidole. Refa alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani. Hakumtazama Mama Sifa, alinitazama mimi, akingoja niruke kama nilivyoruka miaka yote. Nikatia mikono mfukoni.

Akafika kwa Naomi, akainua mkono wake juu kabisa, Naomi ikabidi ainame, naye akambandika noti katikati ya paji la uso na kuikandamiza kwa kiganja.

"Umekosa muzuri!" alisema kwa sauti iliyojaa ukumbi. "Umekosa kama malkia! Kule wanakulipa juu ya kufunga. Hii ni ya kukosa. Hii hakuna mutu atakuomba uirudishe."

Naomi akacheka. Kile kicheko, kile cha mpaka kituo cha treni. Jukwaa likalipuka, akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nililia, wala sikujificha. Wadogo, ambao hawana adabu na ndivyo nilivyowafundisha, wakarusha mpira haraka kabla hatujajipanga. Naomi akageuka. Hakuangalia kikapu, hakuangalia saa, alikimbia kurudi kulinda huku noti imeganda kwenye paji lake la uso, anacheka anakimbia. Tulishindwa hata hivyo.

Alirudi chuoni kwa Linda mwisho wa kiangazi. Mkutano uliofuata tuliendelea kuuza karatasi za chooni, na yule baba aliyeuliza swali alipewa eneo lenye ngazi nyingi.

Majuzi Linda alinipigia. Alisema Naomi amebandika noti ya Kiswidi ndani ya mlango wa kabati lake, na wachezaji wenzake wanaigusa kabla ya kuingia uwanjani. Alitaka kujua ina thamani gani. Nikamwambia hapa Stockholm haikununulii hata kahawa, tena maduka mengi hayapokei noti siku hizi.

"Alipewa kwa kushinda nini?" akauliza.

"Hakushinda. Alikosa mtupo wa mwisho, tukafungwa. Mama mmoja wa jukwaani akashuka akamtuza."

Linda akaniuliza kama huyo mama ana pasipoti.